Nyundo na Kipimo: Mafundi wa Vipuri wa Migori na Homa Bay

Waswahili husema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Waliotunga methali hiyo waliyajua vema mambo ya mvukuto na fuawe, wala hawakujua habari za motakaa. Hata hivyo, mtu akitaka kuona maana ya maneno yao kwa macho yake mwenyewe, leo hana haja ya kumtafuta mhunzi wa zamani. Na asafiri katika barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Akipita Rongo, Awendo na mji wa Migori, au akiiacha barabara hiyo hapo Rongo na kuteremka mpaka Homa Bay kando ya Ziwa Victoria, atasikia njiani mlio wa nyundo juu ya chuma, na ataona cheche za moto wa kulehemu zikiruka chini ya kibanda cha mabati au chini ya mti.

Hao ndio mafundi ambao Kenya nzima huwaita jua kali, kwa sababu wengi wao walianza kazi bila paa juu ya vichwa vyao. Kwa muda mrefu kazi yao haikuhesabiwa kuwa kazi. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa waliandika taarifa kubwa juu ya ajira na mapato katika Kenya, wakaonyesha ya kuwa watu kama hawa, wasio na majengo wala msaada wa Serikali, walikuwa wakizalisha mali na kulisha jamaa zao. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alikwenda Kamukunji, Nairobi, akawaona mafundi wakifua chuma juani, akaahidi kwamba watajengewe vibanda. Tangu hapo jina la jua kali, ambalo lilikuwa kama jina la dhihaka, likawa jina la heshima.

Makala haya yahusu tawi moja tu la kazi hiyo, nalo ni la mafundi wanaotengeneza kwa mikono yao vyuma vya gari ambavyo haviuzwi dukani. Si kazi ya kufungua nati na kutia kipuri kipya, kwani hiyo hata mwanagenzi wa miezi michache aweza kuifanya. Ni kazi ya kukiona chuma kisichokuwapo, kukipima katika hewa, na kisha kukifanya kiwepo.

Swali lililomo katika kazi hiyo si dogo. Fundi akitengeneza kiti kikavunjika, mkaaji ataanguka chini na watu watacheka. Akitengeneza chuma cha usukani kikavunjika kwenye mteremko, hapana atakayecheka. Kwa hiyo yafaa kuuliza: je, mkono wa fundi waweza kuaminiwa, na kwa masharti gani?

Uhunzi katika nchi ya ziwa

Kufua chuma si jambo geni kwa watu wa Nyanza. Kabla ya kuja kwa reli, wahunzi wa Samia, upande wa kaskazini wa Ghuba ya Winam, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kutoka katika vilima vyao na kufua majembe yaliyosafirishwa na kubadilishwa kwa vitu vingine katika nchi za kandokando ya ziwa. Jembe la chuma lilikuwa mali kweli kweli, hata katika mahari lilihesabiwa.

Baadaye majembe ya kiwandani yalikuja kwa bei ndogo, na moto wa tanuri za kuyeyushia mawe ukazimika. Lakini elimu ya nyundo haikufa yote, kwani ilipata kazi nyingine. Plau za kukokotwa na ng'ombe zilienea katika Nyanza ya Kusini, na kila plau huchakaa ulimi wake na kukatika bolti zake. Katika miaka ya 1930 dhahabu ilichimbwa sehemu za Migori, na mgodi wa Macalder ulitoa dhahabu na shaba mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 1979 kiwanda cha sukari cha Awendo kilianza kusaga miwa, na pamoja nacho yakaja matrekta na matela ya kubebea miwa, ambayo hayapumziki msimu wa mavuno. Homa Bay nako, mashua za wavuvi zataka misumari, vyuma vya kushikia mashine, na nanga.

Hata wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyatike na sehemu za jirani, waliobaki baada ya makampuni makubwa kuondoka, wamewapa mafundi kazi nyingi. Vinu vyao vya kusagia mawe ni mapipa mazito ya chuma yenye magololi ndani, yazungushwayo kwa injini ya dizeli au kwa umeme. Vinu hivyo hutengenezwa na walehemuji wa papo hapo, navyo hula vyuma vyake kwa haraka, kwa kuwa mawe hayana huruma. Fundi aliyezoea kutengeneza mhimili wa kinu cha mawe hashangai aletewapo mhimili wa gari.

Vijana wa California na magari yao

Ufundi wa kujitengenezea vyuma vya gari ulipata sifa kubwa kwanza katika Marekani. Kuanzia mwaka 1908 mpaka 1927, kampuni ya Ford ilitengeneza gari la Model T zaidi ya milioni 15. Kwa sababu ya wingi huo, baada ya miaka michache magari makuukuu yaliuzwa kwa fedha kidogo sana. Vijana wa jimbo la California waliyanunua, wakayavua madigadi, boneti na kila kitu kizito kisicho cha lazima, kisha wakazirekebisha injini ziende mbio zaidi. Mwaka 1932 Ford ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya silinda nane yenye nguvu ya farasi 65, wakati Model T ilikuwa na nguvu ya farasi 20 tu. Injini hiyo ikawa kipenzi cha vijana hao. Baadaye magari yao yaliitwa hoti rodi.

Shida yao ilikuwa moja na ya fundi wa Migori: vipuri vingi walivyovitaka havikuwako dukani. Walitaka bomba la kuingizia hewa na petroli kwa wingi kuliko lile la Ford. Basi wakachonga vielelezo vya mbao, wakasubu alumini, wakakereza na kupiga tupa. Fundi mmoja wa Los Angeles, Vic Edelbrock, alitengeneza bomba la namna hiyo mwaka 1938 kwa ajili ya gari lake mwenyewe. Wenziwe walipoona jinsi gari lake lilivyokwenda, wakataka na wao. Fundi mwingine wa mji huo huo, Ed Iskenderian, alianza mwaka 1946 kutengeneza mihimili inayofungua na kufunga vali za injini. Kazi zote mbili, zilizoanza kama kazi za mtu na rafiki zake, zikawa viwanda vyenye jina ulimwenguni.

Ni kitu gani kilichoitoa kazi ile uani na kuipeleka kiwandani? Wengi watajibu kwamba ni fedha. Fedha ilikuwapo, lakini liko jambo jingine lililotangulia. Vijana hao walikuwa na desturi ya kwenda na magari yao kwenye maziwa makavu ya jangwani, mahali penye ardhi tambarare kama meza, na mwaka 1937 vyama vyao viliungana na kufanya shirika moja la kusimamia mashindano. Kila gari lilipimwa kwa saa, na mwendo wake ukaandikwa. Aliyesema kwamba chuma chake ni bora hakuaminiwa kwa maneno, bali alitakiwa akapimwe. Kikishindwa, alirudi nyumbani akatafuta kosa lake. Kikishinda, aliweza kukitengeneza cha pili sawa na cha kwanza, kwa kuwa vipimo vyake alikuwa navyo.

Mifano ya Afrika Mashariki

Hapana haja ya kufikiri kwamba mambo hayo ni ya Wamarekani peke yao. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yaliwafundisha watu wa Afrika Mashariki kwamba gari hushinda kwanza katika karakana ndipo lishinde barabarani. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva maarufu. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa gari la Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya, bali lilikuwa limekwisha kutumiwa. Walilitayarisha wenyewe, wakawapita watu waliokuja na magari mapya ya viwanda vikubwa. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Watu wengi walisifu jinsi alivyoshika usukani, lakini asiyesifu jinsi alivyoshika spana ameona nusu tu ya habari.

Mfano wa pili ni wa namna nyingine. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Wahandisi na mafundi walifanya kazi kwa bidii, na magari matano ya mfano yakatengenezwa, nayo yakaitwa Nyayo Pioneer. Lakini magari hayo hayakupata kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa watu. Msomaji asiseme kwamba mikono ilishindwa, maana mikono ilitengeneza magari. Funzo lililopo ni kwamba kutengeneza vitu vitano kwa mkono ni kazi moja, na kutengeneza vitu elfu vilivyo sawasawa ni kazi nyingine. Kazi hii ya pili hutaka mashine, mtaji na miaka mingi ya kufuata vipimo bila kuchoka.

Jinsi kipuri kinavyozaliwa

Tufanye mfano. Mtu wa Homa Bay ana gari kuukuu ambalo umbo lake ni zima lakini injini yake imekufa. Injini ya namna ile haipatikani tena, na iliyopo ni ya gari la namna nyingine. Anamwendea fundi na kumwomba aitie. Mbele ya fundi kuna kazi tatu, na kila moja ina elimu yake.

Kazi ya kwanza ni ya bati. Injini mpya ni ndefu kuliko ya zamani, kwa hiyo boneti na madigadi havikai tena. Fundi huchukua bati la pipa la mafuta, ambalo unene wake ni karibu milimita 1. Kwanza hukata kielelezo cha karatasi ngumu na kukijaribu garini, kwa sababu karatasi ikikosewa hasara yake ni ndogo. Kisha hukata bati, na kulipiga kwa nyundo ya mti juu ya gunia la mchanga au juu ya gogo lililochimbwa kishimo. Nyundo ikipiga katikati, bati hutanuka na kufanya tumbo kama bakuli. Kadiri lipigwavyo ndivyo lizidivyo kuwa gumu, na fundi asiye na subira huendelea kupiga mpaka likapasuka. Fundi mjuzi husimama, akalipasha moto mpaka liwe jekundu, akaliacha lipoe polepole, ndipo akaendelea. Ukingo wake hukunjwa juu ya waya ili usikate watu na usitetemeke.

Kazi ya pili ni ya kusubu. Injini na gia ni za jamaa mbili mbalimbali, na matundu ya bolti hayalingani. Kwa hiyo pahitajika kipande cha kuziunganisha. Fundi huchonga kielelezo cha mti, akakizika katika sanduku la mchanga wenye udongo kidogo, akakitoa, na shimo lililobaki ndilo kalibu. Alumini ya pistoni kuukuu na ya vyombo vya injini zilizokufa huyeyuka katika joto lisilozidi nyuzi 660 hivi za sentigredi, na moto wa makaa wenye mvukuto huufikia joto hilo bila taabu. Lakini alumini ikipoa husinyaa, karibu milimita 13 kwa kila mita. Asiyekijua kipimo hicho huchonga kielelezo kilicho sawa na kitu anachokitaka, akapata kitu kilichopungua. Tena mchanga ukiwa na maji mengi, alumini ya moto huyageuza kuwa mvuke mara moja na kuruka kama risasi. Mafundi hujifunza jambo hilo ama kwa kusikiliza ama kwa kovu.

Hata hapo kipande hakijawa tayari. Sharti kikerezwe kwa mashine mpaka uso wake uwe tambarare, na tundu la katikati liwe katikati kweli kweli. Mhimili wa injini na mhimili wa gia visipokuwa katika mstari mmoja, hata kwa kosa lililo dogo kuliko unene wa ukucha, gari litakwenda siku ya kwanza, na mwenyewe atafurahi na kumlipa fundi. Baada ya majuma machache beringi zitakuwa zimekwisha, naye atarudi amekasirika.

Kazi ya tatu ni ya kufua na kulehemu. Injini yataka vyuma vya kuishikilia katika fremu. Fuawe ya mafundi wengi ni kipande cha reli kuukuu, na chuma wanachokipenda ni cha springi za lori, kwa kuwa ni cha pua nzuri. Lakini chuma hicho kina tabia yake. Kikipashwa moto mpaka kikawa chekundu na kutiwa ghafla majini, huwa kigumu kama kioo, na kama kioo huvunjika. Hapana budi kukipasha tena kidogo, huku fundi akitazama rangi zinavyopita juu ya uso wake uliosuguliwa: kwanza ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Kila rangi ina kazi yake. Patasi hukomeshwa katika rangi ya majani makavu ili makali yake yabaki makali, na chuma kinachotakiwa kupinda na kurudi huachwa kipite rangi hizo zote. Mhunzi wa kale hakuwa na kipimajoto, lakini rangi hizo alizijua.

Vyuma visivyosamehe

Hapa ndipo penye moyo wa jambo lenyewe. Mafundi wazuri, waulizwapo, hawasemi kwamba wanaweza kutengeneza kila kitu. Fundi huanza kujulikana ubora wake kwa kazi anazozikataa.

Madigadi likivunjika, litapiga kelele. Boneti likilegea, litafungwa kwa kamba mpaka mji ulio karibu. Kichuma cha kushikia injini kikipasuka, gari litatetemeka na dereva atajua. Vyuma hivi hutoa habari kabla ya kuleta msiba, na vyafaa kutengenezwa kwa mkono. Lakini viko vyuma visivyotoa habari: viungo vya usukani, vyuma vya breki na mabomba yake, vitovu vya magurudumu, na mhimili urefushwao au ufupishwao kwa kulehemu. Hivi huvunjika mara moja, wala havimpi dereva nafasi ya pili.

Hatari kubwa imo katika springi iliyolehemiwa. Springi ya gari ikivunjika, twaa moto wa umeme, unganisha, paka rangi, na kwa macho imepona. Lakini moto ule umekwisha kuiharibu pua iliyo kandokando ya mahali palipounganishwa, ikawa kavu na dhaifu. Haitavunjika pale pale palipolehemiwa, bali karibu napo, na mara nyingi itangoja siku gari limejaa watu au mizigo. Mwenye gari ambaye amesisitiza kazi hiyo ifanywe kwa sababu ya uhaba wa fedha ana sehemu yake ya lawama, na fundi aliyekubali ana yake. Lakini abiria aliyepanda Rongo hakuulizwa neno.

Tena fundi mwenyewe ana mwili wa kulindwa. Kulehemu bila miwani ya giza huunguza macho, na usiku mtu hulala kana kwamba ametiwa mchanga machoni. Bati lililopakwa zinki, likilehemiwa, hutoa moshi mweupe uletao homa na baridi, kwa hiyo zinki iondolewe kwanza na kazi ifanywe penye upepo. Tangi la petroli lisiguswe na moto mpaka lioshwe na kukaushwa barabara, kwa sababu tangi tupu ni baya kuliko lililojaa. Petroli iliyojaa haina hewa ya kuwakia, lakini mvuke uliobaki katika tangi tupu umechanganyika na hewa, na cheche moja yatosha.

Sheria nayo ina neno. Katika Kenya, mwenye gari akibadili injini, rangi au umbo la gari lake, mabadiliko hayo sharti yaandikishwe. Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo inayosimamia uandikishaji na ukaguzi wa magari. Mafundi wengine huona ukaguzi kama mtego wa kuwanyang'anya watu fedha. Lakini fundi anayeijua kazi yake ana faida katika ukaguzi wa haki, maana ndio unaomtenga na mlaghai. Pasipokuwa na kipimo, kazi nzuri na kazi mbaya huuzwa kwa bei moja, na yenye hasara ni kazi nzuri.

Elimu inayokufa na mwenyewe

Karibu mafundi wote wa kazi hii walijifunza kwa kukaa kando ya fundi mwingine. Mwanagenzi huanza kwa kufagia na kushika taa, kisha hupewa tupa, kisha nyundo, na mwisho hupewa kipimo. Njia hiyo ni nzuri, nayo ni ya kale. Kasoro yake ni kwamba elimu yote hukaa katika kichwa kimoja. Fundi akifa, au akihamia Nairobi, vipimo vyake huenda naye. Mteja akirudi baada ya miaka mitatu kutaka kipande cha pili kama kile cha kwanza, kazi huanza upya tangu karatasi ngumu.

Dawa ya ugonjwa huu si ghali. Daftari moja na kalamu ya risasi vyatosha. Kila kipuri kitengenezwacho na kichorwe, vipimo vyake viandikwe kwa milimita, na chuma kilichotumiwa kitajwe, pamoja na tarehe na jina la gari. Kielelezo cha mti kisitupwe motoni kazi ikiisha, bali kitundikwe ukutani na kuandikwa jina. Kipuri kikirudi kimevunjika, mahali kilipovunjikia paandikwe pia, maana chuma kilichovunjika ni mwalimu asiyetaka ada. Baada ya miaka kumi, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko nyundo zote za karakana.

Njia za kuipa elimu hii heshima zipo. Vyuo vya ufundi vya vijijini, vilivyoanzishwa katika Kenya miaka ya 1960 kwa juhudi za makanisa ili kuwasaidia vijana waliomaliza shule na kukosa kazi, vimekuwa vyuo vya mafunzo ya ufundi vilivyo chini ya serikali za kaunti, na Migori na Homa Bay vipo. Upo pia mtihani wa ufundi wa Serikali, wa daraja la tatu, la pili na la kwanza. Mtihani huo hutaka kuona kazi ya mikono, hata kwa mtu aliyejifunza kando ya barabara. Fundi wa miaka mingi asione haya kukaa mtihanini pamoja na vijana. Cheti hakitamwongezea ustadi, ni kweli, lakini kitamfungulia milango ambayo ustadi peke yake hubisha bila kuitikiwa: mikopo, zabuni, na kazi za mashirika makubwa.

Wako wanaosema kwamba siku za vipuri vya mkono zimehesabiwa, kwa kuwa bidhaa za viwanda vya ng'ambo huja kwa wingi na kwa bei ndogo. Kwa vipuri vya magari yaliyo mengi barabarani, huenda wakasema kweli. Lakini magari huzeeka, viwanda huacha kutengeneza vyuma vya magari ya zamani, na mkulima wa Awendo hatangoja meli ivuke bahari ndipo miwa yake itoke shambani. Tena hapana kiwanda ng'ambo kinachojua jiwe la Nyatike lilivyo gumu, wala wimbi la Homa Bay linavyovuta chuma cha mashua. Kazi hiyo itabaki kuwa ya mtu aliye karibu.

Basi jibu la swali lililoulizwa mwanzoni ni hili. Mkono wa fundi waweza kuaminiwa, kwa masharti matatu: ujue chuma unachokishika, ukubali kupimwa, na uwe na nguvu ya kukataa kazi isiyofaa hata kama fedha imekwisha kuwekwa mezani. Mkono wenye masharti hayo umekwisha kujenga viwanda katika nchi nyingine, wala hapana sababu ya asili inayouzuia kufanya hivyo katika Nyanza. Lakini mkono usiokuwa nayo, hata ukiwa hodari namna gani, hutengeneza kwa haraka kitu ambacho wengine watakilipia. Koleo likivunjika, uhunzi haujaisha. Neno la watu likivunjika juu ya fundi, hapo kweli uhunzi wake umefika mwisho.